VVU na majirani zake ndani ya jenomu

Kwa muda wa wiki tatu, mwaka juzi, niliamini kwamba nimeona jambo ambalo wengine hawajaliona. Nilikuwa na jedwali la mahali ambapo VVU vilijipachika ndani ya DNA ya seli za binadamu, jedwali ambalo watafiti walikwisha liweka wazi kwa yeyote atakaye kulitumia, na nilikuwa nimelilinganisha na jedwali jingine linaloonyesha ni wapi kwenye DNA hiyo hiyo hukaa protini za kuratibu unukuzi, yaani zile protini zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi isomwe, isomwe kwa nguvu gani, na ipi inyamaze. Nitaziita viratibu kwa ufupi. Programu ilipomaliza kuhesabu, safu ya juu kabisa ilikuwa ya kiratibu kiitwacho NF-κB. Aliyesoma kidogo habari za VVU ataelewa kwa nini nilinyanyuka kitini: NF-κB ndiyo protini ambayo kirusi chenyewe huitegemea kuwasha jeni zake. Nikajiambia kwamba kirusi hutafuta kule ambako mtumishi wake amekwisha kukaa.

Matokeo yale hayakuwa na maana niliyoyapa, ingawa hapakuwa na tarakimu hata moja iliyokosewa. Naeleza hapa nilivyopotea, kwa sababu swali lenyewe la kama VVU huchagua mahali kwa kufuata viratibu limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 20, na jibu lake linagusa mambo yaliyo mbali na kompyuta yangu.

VVU vinapoingia ndani ya seli huwa na RNA, ndugu wa DNA. RNA hiyo hugeuzwa kuwa DNA yenye urefu wa herufi zipatazo 9,700, kisha kimeng'enya cha kirusi kiitwacho integrasi huipunguza herufi mbili kwenye ncha ya kila upande, huikata DNA ya mwenyeji, na kuiunganisha ile ya kirusi katikati. Mkato wenyewe hauwi wa moja kwa moja, kwani nyuzi mbili za DNA hukatwa kwa kupishana herufi tano. Seli inapoziba mapengo, herufi zile tano hujirudia pande zote mbili za kirusi kama alama ya mshono. Mimi hupenda kuitafuta alama hiyo kwa macho kabla ya kuiachia programu kazi. Unasoma herufi za binadamu, unafika mahali panapoanza TG, unajua umeingia kwa kirusi. Unasafiri herufi zake zote hadi CA, na mara tu unapotoka upande wa pili unazikuta zile zile tano ulizoziacha mlangoni.

Mama mdogo wangu ni muuguzi kwenye kliniki ya tiba na matunzo, na hunihoji vikali kuliko msimamizi yeyote wa tasnifu niliyewahi kuwa naye. «Mwanangu,» aliniuliza siku moja, «wateja wangu wanameza TLD kila siku, vipimo vinasema virusi havionekani kwenye damu, lakini mtu akiacha dawa wiki chache tu vimerudi. Vinatoka wapi?» Vinatoka hapo hapo kwenye mshono, mama mdogo. Dolutegravir, ambayo ni D ya ile TLD, huibana integrasi isiunganishe DNA mpya, lakini haina la kufanya kwa DNA iliyokwisha kuungwa. Seli ya CD4 (seli ya kinga ambayo VVU huishambulia) iliyobeba nakala hiyo inaweza kuishi miaka, na ikigawanyika huigawa nakala pamoja na jeni zake nyingine zote. Kwa hiyo kujua nakala imekaa wapi, na majirani zake ni akina nani, si udadisi wa maabara tu.

Jibu la kwanza la maana lilipatikana mwaka 2002, mwaka mmoja na nusu tu baada ya rasimu ya jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, kuchapishwa, kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na ramani ya kuulizia. Kundi la Frederic Bushman, katika taasisi ya Salk huko California, liliambukiza seli za kinga za T kwenye maabara na kusoma sehemu 524 za kujipachika. Asilimia 69 zilikuwa ndani ya jeni, ilhali jeni zote kwa pamoja zilikadiriwa wakati huo kuchukua takriban theluthi ya jenomu, na jeni zilizosomwa kwa nguvu ndizo zilizopendelewa. Mwaka uliofuata, kundi la Shawn Burgess nchini Marekani liliweka VVU kando ya kirusi cha lukemia ya panya, MLV, ambacho nacho ni retrovirusi, yaani kirusi cha RNA kinachojipachika kwenye DNA kama VVU. Tofauti ilikuwa dhahiri. VVU vilitapakaa katika urefu wote wa jeni, wakati MLV ilikusanyika kwenye mwanzo wa jeni, pale unukuzi unapoanzia, mbele na nyuma yake.

Tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kuwagharimu watoto. Mwaka 2000 madaktari wa hospitali ya Necker mjini Paris, wakiongozwa na Alain Fischer na Marina Cavazzana-Calvo, walitangaza kwamba wamewatibu watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili kwa kuwapachikia jeni sahihi ndani ya seli za uboho, wakitumia MLV iliyoondolewa uwezo wa kuzaana kama chombo cha kubebea. Tiba ilifanya kazi. Kisha, kuanzia mwaka 2002, baadhi ya watoto wakaanza kuugua lukemia, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kwa wengi wao chombo kilikuwa kimetua karibu na jeni iitwayo LMO2 na kuiwasha isizimike. Katika majaribio mawili, ya Paris na ya London, watoto 5 kati ya 20 walipata lukemia na mmoja wao akafariki. Baada ya hapo swali la nani huongoza retrovirusi mahali pa kukaa likawa la dharura.

Hapo ndipo viratibu vinapoingia kwa haki. Mwaka 2009 kundi la Fulvio Mavilio nchini Italia lilichapisha uchambuzi wa sehemu zaidi ya 4,000 za kujipachika katika seli za binadamu, za damu na zisizo za damu, likiuliza hasa swali nililokuja kuliuliza mimi kwa pupa miaka mingi baadaye. Waliona kwamba DNA inayozunguka MLV imejaa mahali pa viratibu kuliko inavyotarajiwa, na kwamba kwa vyombo vilivyotokana na VVU hali ilikuwa tofauti. Hawakuishia kwenye kuhesabu. Waliondoa kwenye MLV kipande cha DNA yake ambacho viratibu hukishika, wakaona mahali pa kutua panabadilika. Wakapendekeza kwamba viratibu huishika DNA ya kirusi ingali njiani, na kwa kushirikiana na integrasi huivuta hadi kwenye sehemu za jenomu ambako viratibu wenzao wanafanya kazi.

Pendekezo hilo lilinivutia mno, na nadhani ndilo lililonipotosha, kwani nililichukua kutoka kwa MLV nikalivika VVU bila kupima mwili. Hata kwa MLV yenyewe, sehemu kubwa ya kazi ilikuja kuonekana ni ya wengine. Mwaka 2006 kundi la Bushman lilikuwa limekwisha onyesha kwamba ukiwapa VVU integrasi ya MLV, vinaanza kutua karibu na pale ambapo MLV hutua, na mwaka 2013 maabara kadhaa kwa pamoja zikaeleza sababu: integrasi ya MLV hushikana na protini za jamii ya BET, ambazo husoma alama za asetili kwenye histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa. Alama hizo hujaa kwenye mianzo ya jeni na kwenye swichi zake, yaani pale pale viratibu vinapokaa. Kwa hiyo MLV na viratibu hukutana mahali pamoja kwa sehemu kubwa kwa sababu wote wanaelekea kwenye nyumba ile ile yenye taa.

VVU vina kiongozi mwingine. Mwaka 2003 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walikuta kwamba integrasi ya VVU hushikana na protini ya seli iitwayo LEDGF/p75. Protini hiyo ina mikono miwili: mmoja huishika integrasi, mwingine huishika kromatini, yaani DNA pamoja na histoni zake, na hasa histoni ya H3 iliyowekewa alama ya methili tatu kwenye nafasi ya 36. Alama hiyo haipatikani kwenye mwanzo wa jeni. Huachwa na mashine ya unukuzi kila inapopita, hivyo hutapakaa kwenye mwili wa jeni inayosomwa mara kwa mara, kama nyasi zinavyolala kwenye njia inayopitwa sana. Ukiiondoa LEDGF/p75, VVU hupoteza sehemu kubwa ya upendeleo wake kwa jeni. Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanywa mwaka 2010 na makundi zaidi ya moja: waliukata ule mkono wa kushika kromatini, wakauweka mkono wa protini nyingine inayoshika kromatini iliyofungwa, na VVU vikaenda kujipachika huko kwenye giza, mahali ambapo kwa kawaida havikanyagi. Jaribio la namna hiyo linatoa jibu ambalo jedwali haliwezi kulitoa hata ulikoroge vipi, kwa sababu mtu amegusa sababu yenyewe na kuona tokeo likihama.

Kuna pia CPSF6, protini inayoshikana na kapsidi, lile ganda la kirusi, na kukisindikiza kirusi kutoka mlangoni mwa kiini hadi ndani zaidi, kwenye maeneo ambako jeni nyingi zinazosomwa zimekusanyika. Kirusi kisichoweza kuishika CPSF6 hubaki ukingoni mwa kiini na kujipachika kwenye DNA iliyo maskini wa jeni. Kwa lugha ya mtaani, CPSF6 humfikisha mgeni kwenye mtaa na LEDGF/p75 humwonyesha nyumba. Hakuna kati yao aliye kiratibu kwa maana ya kuchagua mfuatano fulani wa herufi.

Sasa nirudi kwenye jedwali langu. Mfuatano ambao NF-κB huushika kwenye DNA ya VVU ni GGGACTTTCC, herufi kumi. Kila nafasi ina herufi nne zinazowezekana, kwa hiyo mfuatano huo ungetokea kwa bahati mara moja katika kila herufi 1,048,576, yaani kama mara 3,000 kwenye uzi mmoja wa jenomu yetu yenye herufi zaidi ya bilioni 3. Lakini NF-κB haishikilii mfuatano huo neno kwa neno. Huvumilia herufi kadhaa zikibadilika, na kila unapoilegezea programu idadi hupanda upesi mno. Nyingi ya sehemu hizo, NF-κB haijawahi kuzikaa hata siku moja, kwa kuwa zimefungiwa ndani ya nukleosomu, vile vifundo vya DNA iliyozungushwa kwenye histoni. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuhesabu mahali inapoweza kukaa kana kwamba ndipo inapokaa.

Kosa la pili ndilo lililoniumbua. Mtafiti aliyenitangulia katika maabara alikuja kusimama nyuma yangu, akaangalia mchoro, akauliza kwa upole uliokwisha kunitia wasiwasi: «Dada, hizi sehemu za kulinganisha umeziokota wapi?»

«Kwenye jenomu nzima, bila kuchagua.»

«Jenomu nzima na majangwa yake yote?»

Hakuhitaji kuongeza neno. VVU hupenda maeneo yenye jeni nyingi, na maeneo hayo yana G na C kwa wingi kuliko majangwa. Herufi sita kati ya kumi za mfuatano wa NF-κB ni G au C. Kitu chochote chenye G na C nyingi kingeonekana ni rafiki wa VVU katika ulinganisho wangu, hata kama kirusi hakina habari nacho. Ni sawa na kugundua kwamba wanaoishi Kariakoo wanapenda kukaa karibu na maduka ya vitambaa, bila kuuliza kwanza kama kuna mtu wa Kariakoo asiyekaa karibu na duka.

Kulikuwa na mtego mwingine, wa kimaabara, ambao wanaofanya kazi kwenye kompyuta peke yake huusahau. Ili kusoma mshono, DNA hukatwa vipande vidogo kwanza, na kwa miaka mingi kilichotumika mara nyingi kilikuwa MseI, kimeng'enya kinachokata kila kinapokuta TTAA. Kirusi kilichotua mbali na TTAA kina nafasi ndogo ya kusomwa, kwa hiyo jedwali lina upogo tangu siku ya kuzaliwa kwake. Nilizichagua upya sehemu za kulinganisha: kwa kila mshono, nukta kadhaa ndani ya jeni zinazosomwa kwa kiwango kinachofanana, zenye G na C zinazokaribiana, na zilizo umbali ule ule kutoka kwenye TTAA. Nikaiwasha programu jioni, nikaenda kulala. Asubuhi NF-κB ilikuwa imeshuka kutoka kileleni na kujikunyata pamoja na viratibu vingine karibu na moja, yaani kwenye mstari ambao VVU na bahati nasibu havina tofauti. Mchoro wa kwanza bado ninao, umekunjwa ndani ya daftari.

Hata hivyo, ingekuwa kosa jingine kuhitimisha kwamba viratibu havina kazi kwa VVU. Kazi yao huanza baada ya kirusi kufika. Kwenye ncha ya DNA ya VVU kuna mlango wa kusomea wenye sehemu tatu za kiratibu Sp1 na, kwa aina nyingi za kirusi, sehemu mbili za NF-κB. Kundi C la VVU, ambalo limeenea kusini mwa Afrika na Ethiopia na ambalo nchini Tanzania lipo pamoja na makundi ya A na D, mara nyingi lina tatu. Seli ya CD4 ikiwa imelala, NF-κB hufungiwa nje ya kiini na kirusi hunyamaza. Ikiamshwa na maambukizi mengine, NF-κB huingia ndani ya kiini na kirusi huamka nayo. Hapa ndipo majirani wanapohusika kweli, kwa sababu mlango ule ule ukiwekwa kwenye kromatini iliyofungwa hausomeki kwa urahisi, na ukiwekwa ndani ya jeni yenye shughuli unaweza kuchangamka au kukanyagwa na mashine ya unukuzi inayopita ikitoka kwa jirani.

Na yapo mahali ambapo kirusi na jirani hubadilishana nafasi. Mwaka 2014 makundi mawili ya Marekani yalichapisha kwamba, kwa watu waliotumia dawa kwa miaka, seli nyingi zilizobaki na VVU zilikuwa uzao wa seli moja moja zilizogawanyika tena na tena, na kwamba baadhi ya hizo zilikuwa na kirusi ndani ya jeni ya BACH2. BACH2 ni kiratibu chenyewe. Huongoza maisha ya chembe nyeupe za damu. Kirusi hukutwa kabla ya sehemu yake inayotafsiriwa kuwa protini, kikielekea upande ule ule wa jeni, kiasi kwamba mlango wa kirusi unaweza kuiwasha. Hapa wingi wa mahali hapo haumaanishi kwamba VVU viliipenda BACH2 siku ya kuingia. Seli zilizobahatika kupachikwa hapo ndizo zilizodumu, na sisi tulifika tukakuta wamebaki hao.

Mwaka 2020 kundi la Xu Yu na Mathias Lichterfeld huko Boston lilisoma seli za watu 64 wa wale wachache sana ambao miili yao huvidhibiti VVU bila dawa yoyote. Nakala kamili za kirusi zilizosalia kwao zilikuwa aghalabu kwenye majangwa ya jenomu, kwenye DNA ya kujirudia iliyo katikati ya kromosomu, na ndani ya familia ya jeni za ZNF kwenye kromosomu ya 19, ambazo kwa kawaida hufungwa. Mtu anaweza kusema kwa haraka kwamba kwa watu hawa VVU huchagua jangwa. Tafsiri ya watafiti wenyewe ni kwamba kinga ya mwili iliziua seli ambazo virusi vyake vilipiga kelele, na ikaacha zile zilizokaa kimya. Kwa wiki tatu zangu nilikuwa nimezisoma nukta zote kama makazi yaliyochaguliwa, wakati kila nukta ni makazi yaliyochaguliwa, kisha yakachujwa na mwili, kisha yakachujwa na kimeng'enya cha maabara.

Kwa tiba ya jeni, mambo haya yamekwisha kuingia hospitalini. Vyombo vingi vya leo hutengenezwa kutokana na VVU na si MLV, kwa kuwa hutua ndani ya mwili wa jeni badala ya mwanzoni, na kwa kuwa swichi zao wenyewe huondolewa. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya selimundu ya aina hiyo, jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi tunaoishi katika nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huo, ingawa bei yake bado ni ya dunia nyingine. Lakini chombo kilichobuniwa kwa mfumo huo huo kwa ajili ya ugonjwa mwingine, wa ubongo wa watoto wa kiume, kilibebeshwa swichi kali iliyotokana na retrovirusi ya panya, na mwaka 2024 iliripotiwa kwamba watoto 7 kati ya 67 waliotibiwa walipata saratani ya damu, wengi wao wakiwa na chombo ndani ya jeni iitwayo MECOM. Chombo kilitua kwa desturi ya VVU, kikaita viratibu kwa desturi ya MLV.

Mama mdogo aliposikia habari za LEDGF/p75 aliuliza kama haiwezekani kuifunga. Inawezekana kwa kiasi. Watafiti wale wa Leuven walitengeneza molekuli ndogo inayokaa pale integrasi inaposhikana na LEDGF/p75, na katika seli za maabara virusi vinavyofanikiwa kujipachika mbele ya molekuli hiyo hutua nje ya jeni na huwa wazito kuamka. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akanyamaza kidogo.

«Na vile vilivyokwisha kuingia?»

«Vile vipo, mama mdogo.»

«Basi waambie wateja wangu wasiache TLD,» akasema, akainuka kwenda kuangalia chungu.